Nambari Tasa na Minazi ya Mirathi

Neno "tasa" twalijua maana yake: asiyezaa. Watu wa hesabu wamelitwaa wakaipa jina hilo nambari isiyogawika ila kwa moja na kwa nafsi yake, kama 2, 3, 5, 7 na 11. Mimi naona jina hili limeionea, kwani katika mirathi nambari hiyo ni mlinzi wa haki ya mnyonge.

Natuchukue mfano wa Msambweni. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia, imesalia minazi 40. Mke ana thumni, yaani fungu 1 katika 8. Yamebaki 7. Kila mwana wa kiume ana vichwa viwili, binti kimoja. Jumla vichwa 5. Saba kwa tano haiendi. Hapo ndipo mjanja asemapo: "Ya nini taabu? Mama moja, vijana tatu tatu, binti moja. Nane hizo, zimetimia!" Zimetimia kweli, walakini binti kadhulumiwa. Apata minazi 5, na kila kaka 15.

Faraidhi haikati nambari, hukuza shina la hesabu. 8 mara 5 ni 40: mama 5, kila kaka 14, binti 7. Minazi miwili ya binti imerudi. Vichwa vingekuwa 7, mafungu yangegawika yenyewe. Vingekuwa 11 au 13, ingelazimu kuzidisha vivyo hivyo. Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya tisa, katika kitabu chake cha aljebra aliweka sehemu kubwa ya masuala ya mirathi.

Kwale jambo hili lina uzito wake. Kwa mila ya zamani ya Kidigo, mali ya mjomba ilikwenda kwa mtoto wa dada. Faraidhi ilikuja na hesabu nyingine. Na Diani, ambako ardhi ya ufuoni ni ghali, mafungu mawili katika arobaini si mchezo.

Je, nambari tasa zina mwisho? Euclid, Myunani wa kale, alijibu kuwa hazina. Zidisha zote uzijuazo, kisha ongeza moja: 2 mara 3 mara 5 ni 30, na moja ni 31. Kila uliyoizidisha ukiigawia hiyo, hubaki moja. Basi lazima iko nyingine uliyokuwa huijui.

Oktoba 2024, Luke Durant wa Marekani, kwa msaada wa kompyuta nyingi, aliipata iliyozidi zote zilizokuwa zikijulikana: zidisha pamoja mbili 136,279,841, kisha toa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Ukitamka tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya siku 474, yaani miezi kumi na sita ya mwandamo na zaidi kidogo.

Kwa ukubwa wake wote, ni kaidi kama 5. Na lau vichwa vya warithi vingefika huko, dawa ni ile ile: kuza shina, usipunguze haki ya mtu.