Tokeni ya Stima Katika Usaili wa Usanifu wa Mifumo

Usaili wa usanifu wa mifumo hupima jinsi mhandisi anavyoipanga kazi kubwa kabla ya kuandika programu yenyewe. Mwombaji hupewa swali pana, ubao na muda usiozidi saa moja. Kampuni kubwa za teknolojia huutumia sana, ikiwemo Microsoft, iliyofungua kituo cha uhandisi Nairobi mwaka 2019.

Kijana wa mitaa ya Nairobi kama Kayole, Umoja au Donholm ana zoezi bora nyumbani kwake: ununuzi wa tokeni ya stima. Mteja hulipa Kenya Power kwa M-Pesa, hupokea tarakimu 20 kwa ujumbe mfupi, kisha huziingiza kwenye mita.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Wateja ni wangapi? Tokeni ifike baada ya muda gani? Ni taarifa ipi isiyopaswa kupotea kamwe? Anayekimbilia kuchora hujibu swali ambalo hakuulizwa.

Pili ni hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Maombi milioni moja kwa siku ni takriban 12 kwa sekunde. Lakini jioni, matatu zinaposhusha abiria kando ya Jogoo Road, yakiongezeka mara kumi yatafika 120. Mfumo hujengwa kwa kuzingatia saa hiyo.

Tatu ni mchoro: malipo huingia kwenye foleni, mtambo hutoa tokeni, hifadhidata huitunza, ujumbe hutumwa. Foleni huyashikilia malipo hata mtambo unapolemewa.

Nne ni hitilafu, na hapa ndipo umahiri hudhihirika. Mtandao ukiyumba, taarifa ya malipo yaleyale inaweza kufika mara mbili. Nambari ya muamala huuwezesha mfumo kuitambua na kurudisha tokeni ileile. Mteja naye apewe njia ya kuulizia tokeni iliyochelewa, asije akalipa upya.

Tano ni kupima gharama ya kila uamuzi. Seva za M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Umbali huchelewesha majibu. Kuweka seva katika vituo viwili huokoa huduma kimoja kinapozimika, ila huongeza gharama na kazi ya kuoanisha kumbukumbu.

Maktaba za Kaloleni na Makadara zinafaa kwa kusoma, lakini mazoezi yanahitaji sauti: mwombaji aeleze mchoro wake mbele ya mwenzake huku muda ukihesabiwa, naye mwenzake aulize "kwa nini?" kila hatua. Swali la usanifu halina jibu moja sahihi. Msaili hutafuta sababu zinazoshikamana.