Mrija wa Damu na Lugha ya Mgonjwa

Mgonjwa wa figo asafishwaye damu kwa mashine aghalabu hutiwa katheta, yaani mrija upitishwao katika mshipa mkubwa. Madaktari hupendelea mshipa wa shingoni upande wa kulia, kwa kuwa njia yake ya kwenda moyoni imenyooka. Ukitiwa kushoto hupinda zaidi, na damu huweza kupita kwa shida. Kila baada ya kusafishwa, muuguzi huujaza dawa ya kuzuia damu isigande humo. Ikiganda, mrija huziba.

Hayo ni ya wauguzi na madaktari. Mimi ni mtu wa isimu, na linalonikera ni yale aachiwayo mgonjwa: asiuloweshe, asiuvute, na akishikwa na homa ya kutetemeka akimbilie hospitali siku iyo hiyo, maana viini huenda vimeingia damuni. Maagizo hayo nimeyaona yamechapwa kwa Kiingereza kitupu, akakabidhiwa mzee asiyekijua! Mrija huo ukiharibika, wasomaji, tumlaumu mzee?

Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuyatafsiri. Wangali wanabishana: waandike "katheta", "mrija" au "mpira"? Mimi nasema waende wakamsikilize mzee anauitaje.