Betri ya Volti 12 Haina Volti 12

Tazama bodaboda iliyopambwa kwa utepe wa taa za LED. Mwezi wa kwanza inang'aa kama bwana harusi. Baadaye utepe unaanza kuwa na mapengo, na mapengo yenyewe huja kwa taa tatu tatu. Wengi husema taa ni feki. Huenda ni feki kweli, lakini mimi humshuku kwanza rezista.

LED haifanani na balbu ya zamani. Waya wa balbu ukipata moto, ukinzani wake hupanda, hivyo balbu hujizuia yenyewe. LED haina breki. Nyekundu ya milimita 5 ikipewa volti 1.5 ni kama imelala. Karibu na volti 2 inapitisha miliampea 20, kiwango chake cha kawaida. Ukiiongezea sehemu ya kumi mbili tatu za volti, mkondo unaruka mara kadhaa. Ikipata joto ndiyo inazidi kufungua njia. Rezista huwekwa ili isijimalize.

Hesabu ni ile ya darasani, kanuni aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Toa volti za LED kwenye volti za betri, kisha baki uigawe kwa mkondo unaoutaka. Kumi na mbili toa mbili, kumi. Gawa kwa ampea 0.02, ni omu 500. Dukani utapewa 470 au 560. Chukua 560, yenye mistari ya kijani, buluu na kahawia. Jicho halitaona tofauti ya mwanga.

Wengi huishia hapo, nami ugomvi wangu uko kwenye ile 12. Injini ya pikipiki ikinguruma, betri inachajiwa kwa volti 14 na ushee, na huo ndio wakati taa zinawaka. Kwa LED moja nyekundu si neno: mkondo unafika miliampea 22 tu. Sasa angalia utepe. Kila kipande kina LED nyeupe tatu zilizofuatana, volti 3.2 kila moja, jumla 9.6. Rezista yake ndogo bapa mara nyingi imeandikwa 151, yaani 15 na sifuri moja, omu 150. Kwa volti 12 inabaki 2.4, na mkondo ni miliampea 16, salama kabisa. Kwa volti 14.4 inabaki 4.8, na mkondo unakaribia maradufu. Moja ikiungua na kukata njia, wenzake wawili wanazimika nayo.

Ukijitengenezea mwenyewe, unga nyeupe mbili badala ya tatu, na rezista ya omu 470 ya robo wati. Volti 14.4 zitakupa miliampea 17, volti 12 zitakupa 12. Ndiyo, zaidi ya nusu ya umeme inaishia kuwa joto kwenye rezista injini ikiwaka. Kwa taa ya urembo, nalipa gharama hiyo bila kinyongo.

Ukitaka taa zaidi, ongeza jozi nyingine yenye rezista yake. LED zikiungwa sambamba kwenye rezista moja, ile inayoridhika na volti pungufu kidogo hunywa mkondo wa wenzake na kutangulia kuungua. Na kabla ya kununua chochote, washa injini, kanyagia mafuta kidogo, upime betri kwa mita. Namba utakayoisoma hapo ndiyo ya kuanzia hesabu.