Jogoo Yupi Abaki? Uteuzi wa Kuku Wachanga kwa Ajili ya Mbegu ya Nyama

Katika kaya nyingi za vijijini kuku ni akiba. Sikukuu inapokaribia, au mgonjwa anapohitaji dawa, mwenye kuku humkamata pora aliye mzito kuliko wenzake, kwa kuwa ndiye mwenye bei nzuri. Wanaobaki ni mapora wadogo, na baada ya miezi michache hao ndio majogoo wa kundi. Jambo hili likirudiwa mwaka hata mwaka, mfugaji huwa anateua pasipo kujua: anawateua wadogo kuwa wazazi. Baadaye hushangaa kuona vifaranga wake hawakui kama wa zamani, na lawama huangukia chakula.

Mbegu ya kuanzia

Kuku wa nyama wa kisasa hawafai kuwa mbegu ya nyumbani. Wao ni chotara wa nasaba kadhaa zilizotunzwa mbalimbali, na watoto wao hawafanani. Aidha, wakila watakavyo hunenepa mno, miguu hulemewa, na utagaji hupungua. Nchini Tanzania ipo mbegu ya kienyeji inayofaa zaidi, nayo ni kuchi. Kuku huyu ni mrefu, ana upanga mdogo na mdomo mnene, na jogoo wake mzima huweza kupita kilo 2.5.

Mizani kabla ya macho

Uzito wa kuku hutokana na mambo mawili: urithi na mazingira. Kifaranga aliyetangulia kuanguliwa kwa wiki mbili huonekana bora, kumbe amewazidi wenzake umri tu. Kwa hiyo yafaa kuwalinganisha walioanguliwa pamoja na kulishwa chakula kimoja. Kila mmoja afungwe mguuni uzi wa rangi yake, nao ulegezwe kadiri anavyokua. Wapimwe wote siku moja, wakiwa na umri wa wiki 8 na tena wiki 12. Mapora walinganishwe na mapora, na matembe na matembe, kwani dume kwa kawaida humzidi jike uzito.

Wenye mdomo uliopishana, vidole vilivyokunjamana, miguu iliyopinda au mfupa wa kidari usionyooka waondolewe kwanza, hata kama ni wazito. Kisha kidari kipapaswe kwa mkono: kiwe kipana, na nyama ienee mpaka nyuma. Kuku mwenye miguu mirefu huweza kuyadanganya macho, lakini hawezi kuidanganya mizani.

Hesabu ya urithi

Si uzito wote wa ziada wa wazazi unaowafikia watoto. Ichukuliwe mathalani kwamba sehemu inayorithiwa ni 0.3. Iwapo mapora walioteuliwa wanazidi wastani wa mapora wote kwa gramu 200, na matembe walioteuliwa wanazidi wastani wao kwa gramu 100, basi ziada ya wazazi ni wastani wa hizo mbili, yaani gramu 150. Zidisha kwa 0.3: kizazi kijacho kitatarajiwa kuongezeka kwa gramu 45, matunzo yakiwa yale yale.

Hesabu hii inaonyesha pia uzito wa kumchagua jogoo. Matembe wengi huhitajika ili wapatikane mayai ya kutosha, kwa hiyo haiwezekani kuwachuja sana. Mapora huhitajika wachache tu. Katika ishirini huweza kubakizwa wawili walio bora kabisa.

Hatari ya jogoo mmoja

Hata hivyo, jogoo mmoja hatoshi, awe mzuri namna gani. Kundi la jogoo 1 na majike 10, likizaliana lenyewe, huongeza undugu wa damu kwa takriban asilimia 14 katika kila kizazi. Majogoo wakiwa 2, ongezeko hushuka hadi asilimia 7.5. Undugu ukizidi, mayai mengi hayaanguliwi na vifaranga huwa dhaifu. Kwa hiyo majogoo watokane na mama mbalimbali, na baada ya muda wabadilishwe na wa mfugaji wa mbali.

Kadhalika uteuzi hauchukui mahali pa chanjo. Mdondo huweza kulifuta kundi zima kwa siku chache, pamoja na kazi ya miaka mingi.

Mahali pa kuanzia

Shule yenye banda, mizani na daftari inaweza kulifanya jaribio hili na kuchora wastani wa kila kizazi kwa mstari. Kwa mfugaji, jambo kubwa ni wakati. Uamuzi ufanywe kuku wakiwa na wiki 12, kabla shida haijabisha hodi. Walioteuliwa wafungwe uzi mwekundu, na nyumba nzima ielewe kwamba hao hawauzwi wala hawachinjwi. Sikukuu ikifika, aende sokoni yule anayefuata kwa uzito. Bei yake itapungua kidogo leo, lakini mbegu itakuwa imebaki bandani.