Je, Wajua? Gari Linapompima Dereva

Pale Iyunga, jijini Mbeya, malori ya barabara ya TANZAM hupita usiku na mchana, yakienda Tunduma au yakitoka huko. Siku hizi mitambo ndani ya gari humsaidia dereva, lakini kabla mtambo haujamsaidia, lazima umjue. Je, wajua kwamba…

…sekunde moja ni mita 22? Hiyo ni kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Dereva aliyeshtukizwa hukadiriwa kuchukua sekunde moja na nusu kukanyaga breki. Gari limeshakwenda mita 33 kabla halijapunguza mwendo.

…usukani hutoa siri ya usingizi? Aliye macho huurekebisha kidogo kidogo muda wote. Anayesinzia huuacha, kisha huukata ghafla. Tangu 2009, Mercedes-Benz wana mfumo unaonasa dalili hiyo na kumwashia dereva alama ya kikombe cha kahawa.

…kamera huvizia kope? Kipimo cha PERCLOS hutazama ni kwa muda gani kope zimefunika asilimia 80 au zaidi ya mboni. Kupepesa kwa kawaida hakuhesabiwi.

…kukesha kunalevya? Mwaka 1997, Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa umakini sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa 11 alfajiri, saa 4 usiku umeshafika huko.

…mteremko wa Iwambi hupima akili kuliko mguu? Ukitoka Iyunga kwenda Mbalizi, breki iliyokanyagwa mfululizo hupata moto na kuisha nguvu. Dereva stadi huingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka. Anayetoa gia ili abane mafuta amelikosesha lori msaada wa injini.

…basi lina umbea? Mfumo wa kufuatilia mabasi wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, hupeleka taarifa za mwendo wa basi, na dereva hujitambulisha kwa kitufe chake. Madereva wa magari ya biashara pia hufanya mtihani wa LATRA ili wathibitishwe.

…tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima limwonye dereva anayesinzia? Kwetu magari mengi madogo huja yakiwa yametumika Japani, na baadhi bado yanatoa maonyo kwa Kijapani. Dereva wa Iyunga asiyeijua lugha hiyo husikia kelele tu.