Mtoto Akiugua Ghafla: Zahanati ya Karibu au Hospitali Kubwa?

Leo tutazungumza juu ya ile safari ya ghafla unayoifanya ukiwa umembeba mtoto mgonjwa, moyo unakwenda mbio, na hujui umwambie mwenye bodaboda akupeleke wapi: zahanati ya hapo karibu, au hospitali kubwa ya kaunti?

Akina mama wengi huchagua hospitali kubwa. Husema, huko kuna madaktari, kuna mashine, kuna kila kitu. Ninawaelewa, maana hata mimi nilifanya hivyo na mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa akiharisha tangu asubuhi. Nilipita kituo cha afya ambacho taa zake zilikuwa zinawaka na muuguzi wa zamu yumo ndani, nikaenda zangu hospitali kubwa. Tulifika saa mbili usiku, tukaonwa saa saba. Katikati waliletwa majeruhi wa ajali ya matatu, na kila mmoja wao alipitishwa mbele yetu. Nilinung'unika sana kwenye lile benchi. Mwishowe tabibu alimkagua mtoto, akanipa pakiti za ORS na vidonge vya zinki, basi. Dawa hizo zilikuwa pia katika kile kituo nilichokipita.

Nilinung'unika kwa sababu sikujua jinsi idara ya dharura inavyofanya kazi. Pale hamhudumiwi kwa kufuata nani alifika kwanza. Muuguzi huwaangalia wagonjwa na kuwapanga kwa uzito wa hali zao. Asiyepumua vizuri, anayetokwa na damu nyingi au aliyezimia huingia mara moja, hata kama amefika sasa hivi. Mwenye mafua na homa kidogo hungoja, na kila anapoletwa mtu aliye mahututi, yeye husogea nyuma tena. Kwa hiyo mama anayeketi saa tano hajadharauliwa na mtu. Mtoto wake si mahututi, na hiyo ni habari njema. Lakini wakati huo wote mtoto amekaa katikati ya watu wanaokohoa, na ugonjwa kama surua husambaa kwa hewa. Unaweza kwenda na ugonjwa mmoja ukarudi na miwili.

Sasa tuangalie kile kituo kidogo tunachokipita. Nchini Kenya zahanati ni ngazi ya pili ya huduma, na kituo cha afya ni ngazi ya tatu. Hospitali za kaunti ndogo ni ngazi ya nne, hospitali za rufaa za kaunti ngazi ya tano, na zile za kitaifa kama Kenyatta ngazi ya sita. Mpango ni kwamba mgonjwa aanzie chini, na anayehitaji zaidi apelekwe juu akiwa na barua ya rufaa.

Mambo yanayowasumbua watoto wetu mara nyingi ni homa, kukohoa, kuharisha, macho mekundu, vidonda vya ngozi na maumivu ya masikio. Haya yote muuguzi wa zahanati au tabibu wa kituo cha afya amefundishwa kuyashughulikia. Akishuku malaria, atamtoboa mtoto kidole na kupata jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Ikiwa ni malaria ya kawaida, atakupa dawa ya AL, dozi sita kwa siku tatu, na ni dawa hiyo hiyo ambayo ungepewa hospitali kubwa. Ikiwa mtoto ana nimonia isiyo kali, atapewa amoksilini ya kunywa. Ikiwa anaharisha bila dalili za hatari, atapewa ORS, na zinki ya siku 10 hadi 14. (Tafadhali mama, maliza hizo siku. Wengi huacha zinki mara kuharisha kunapokoma siku ya tatu, na faida yake ya baadaye inapotea.)

Hapa niseme jambo moja ambalo wauguzi hunilalamikia. Kuna mama ambaye akitoka zahanati bila sindano huona kama hakutibiwa. Anaondoka, anapanda matatu hadi hospitali kubwa kutafuta hiyo sindano. Mafua ya kawaida hayatibiwi kwa sindano wala kwa amoksilini. Mtoto mwenye mafua anahitaji kunyonya mara nyingi, kunywa vitu vya uvuguvugu akishafikisha miezi sita, na kusafishwa pua. Muuguzi akikueleza hivyo na kukurudisha nyumbani mikono mitupu, ujue amefanya kazi yake.

Kuhusu pesa. Mnamo 2004 serikali iliweka ada ya shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa vituo vya afya, na mnamo Juni 2013 ikaziondoa ada hizo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF, na matibabu ya kwenda na kurudi katika ngazi ya pili na ya tatu hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi. Unalotakiwa kufanya ni kujisajili wewe na watoto wako, na unaweza kufanya hivyo kwa simu yoyote kwa kubonyeza *147#. Usingoje mpaka mtoto augue ndipo uanze kutafuta kitambulisho chini ya godoro. Ni kweli kuna siku zahanati hukosa dawa fulani, nawe ukaandikiwa ukanunue dukani. Hata hivyo, hesabu nauli ya kwenda na kurudi mjini, chakula cha kungoja siku nzima na kibarua ulichokosa, kisha ulinganishe.

Vipi kuhusu zile kliniki ndogo za kulipia, zilizo karibu na stendi au katikati ya maduka? Nyingine ni nzuri sana, na faida yao kubwa ni kwamba hufunguliwa jioni na wikendi, wakati zahanati nyingi za serikali zimefungwa. Lakini chunguza. Leseni ya kituo inapaswa kutundikwa ukutani mahali unapoweza kuiona, nayo iwe ya mwaka huu. Uliza jina na kazi ya anayekuhudumia: ni muuguzi, ni tabibu, au ni daktari? Uliza bei ya kumwona na bei ya vipimo kabla mtoto hajatobolewa kidole. Akikasirika kwa kuulizwa, toka. Na usichanganye kliniki na duka la dawa. Mwenye duka la dawa atakuuzia dawa, lakini hawezi kujua kinachomsumbua mtoto kwa kumtazama juu ya kaunta.

Mpaka hapa nimeisifu zahanati. Sasa nisikilize kwa makini zaidi, maana sehemu hii ndiyo inayookoa maisha. Kuna mtoto ambaye hapaswi kungoja zahanati ifunguliwe asubuhi.

Wa kwanza ni mtoto mchanga aliye chini ya miezi miwili. Huyu akiwa na joto jingi, au akiwa baridi isivyo kawaida, au akikataa kunyonya, nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni saa nane za usiku. Watoto wa umri huu huzidiwa kwa muda mfupi sana.

Kwa mtoto mkubwa kuliko huyo, jiulize: Je, anaweza kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu anachomeza? Je, amepata degedege, yaani mwili kukakamaa na kutetemeka? Je, amelegea, haamki au hakutambui? Likiwapo hata moja tu kati ya hayo, hiyo ni dharura. Akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kisha mpeleke. Ni vivyo hivyo kwa mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili, aliyeumwa na nyoka, au aliyekunywa mafuta ya taa. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe, maana yanaweza kuingia mapafuni.

Halafu kuna kupumua. Hili nataka ujifunze kulipima mwenyewe, kwa kuwa halihitaji mashine. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Inua fulana yake uone tumbo na kifua. Shika saa au simu, uhesabu kila mara tumbo linapoinuka, kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mwendo ulio sawa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha mara 50 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa mwaka 1 hadi 5, hesabu ni 40 au zaidi. Aliye chini ya miezi miwili ni 60 au zaidi, na huyo ni wa hospitali papo hapo.

Mtoto aliyezidi miezi miwili anayepumua haraka, lakini ananyonya na anakutazama vizuri, apelekwe siku hiyo hiyo kituo kilicho karibu. Lakini ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma kwa kila pumzi, au midomo imegeuka rangi, hiyo ni safari ya hospitali, tena sasa hivi. Huenda akahitaji hewa ya oksijeni, na zahanati nyingi hazina.

Anayeharisha naye hugeuka kuwa wa dharura macho yakiingia ndani, ukiufinya ngozi ya tumbo ikachelewa kurudi, au akilegea asiweze kunywa. Ukiona damu kwenye choo, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Na kama hospitali iko kilomita nyingi, na zahanati iliyo wazi iko njiani? Pitia. Muuguzi anaweza kumpa mtoto dozi ya kwanza, akaandika barua ya rufaa na kupiga simu kuita ambulensi. Mkiwa njiani, mfunike asipate baridi, na kama anaweza kunywa, endelea kumnyonyesha au kumpa ORS kidogo kidogo.

Najua hofu inayowazuia wengine. Mama anasema, "Nikifika hospitali wataitisha pesa za kuanzia, nami sina." Basi anabaki kwenye duka la dawa akinunua vidonge viwili viwili huku mtoto anazidiwa. Mama, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza kwamba hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo ikikataa, imetenda kosa. Ukisimamishwa mapokezi, sema kwa sauti, "Hii ni dharura, mtoto ameshikwa na degedege," au chochote kile ulichokiona. Kisha uliza muuguzi msimamizi wa zamu. Taja dalili yenyewe. Neno "mgonjwa sana" husemwa na kila mtu kwenye ile foleni, lakini "hawezi kunyonya tangu saa sita" litamfanya muuguzi ageuke.

Wiki hii, kabla hakujatokea lolote, fanya kazi hii ndogo. Pita kwenye zahanati na kituo cha afya kilicho karibu, uulize hufunguliwa saa ngapi, na kama usiku kuna mtu. Vituo vingi vyenye wadi ya uzazi huwa na muuguzi wa usiku. Chukua nambari ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa wenu. Mnamo 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba ya vifaa, na wengi wao wana kipima joto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Chukua pia nambari ya mtu wa bodaboda au jirani mwenye gari anayekubali kuamshwa usiku. Ziandike zote nyuma ya kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na kijitabu chenyewe kikae mahali ambapo hata nyanya anajua. Ukienda, kiende nawe, pamoja na dawa yoyote ambayo mtoto ameshapewa, hata kama unaona haya kusema kwamba ni ya kienyeji. Muuguzi anahitaji kujua ili asimzidishie.

Usitoke kituoni kabla ya kuuliza maswali mawili: "Nirudi lini?" na "Nikiona nini nisingoje siku hiyo?" Mtoto wa malaria au nimonia akiwa bado ana homa baada ya siku mbili za dawa, mrudishe pale pale ulipoanzia. Wana rekodi yake, na wao ndio watakaokuandikia barua ya kwenda mbele.

Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutaongea kuhusu utunzaji wa kitovu cha mtoto mchanga. Mwambie na jirani aliyejifungua majuzi asikilize.