Kadi za Magome ya Migomba: Zoezi la Mkono Baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kurudi nyumbani, kazi ya kuurejesha mkono ndiyo kwanza huanza. Kwa familia inayoishi Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuhudhuria kliniki ya utengamao huko Upanga huhitaji nauli, msindikizaji na saa nyingi za foleni. Wakati huohuo, mgonjwa huzoea kutumia mkono mzima pekee, na ule dhaifu hukakamaa. Ndiyo maana watoa tiba kwa vitendo huhimiza shughuli za nyumbani zenye maana na zinazorudiwa. Utengenezaji wa kadi ndogo za sanaa ni mojawapo.

Kadi hizo zina kipimo maalumu: milimita 64 kwa 89, takribani sawa na karata. Msanii M. Vänçi Stirnemann alizianzisha Zürich, Uswisi, mwaka 1997, ili watu wabadilishane kazi zao bila kuuziana. Udogo wake humfaa anayechoka upesi.

Malighafi hupatikana jirani. Boksi tupu la dawa huwa msingi wa kadi. Migomba ya uani hutoa magome makavu ya rangi ya kahawia. Fundi cherehani hutoa vipande vya kanga na kitenge. Kila hatua ina faida yake kitabibu. Kuchana gome huishirikisha mikono yote miwili; kubana kipande kwa kidole gumba na cha shahada huimarisha ushikaji; kupaka gundi na rangi hukizoeza kifundo cha mkono.

Mpini wa brashi uzungushiwe kitambaa ili uwe mnene, na kadi ishikizwe mezani kwa selotepu. Kwa mgonjwa anayepuuza upande mmoja, vifaa visogezwe kidogo kidogo kuelekea upande huo, naye akumbushwe kuutazama.

Tahadhari ni muhimu. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta zing'aazo, ambazo harufu yake ni kali. Kwa mgonjwa zinafaa rangi za maji na gundi ya unga wa ngano. Aliyepungukiwa na hisia vidoleni, hasa mwenye kisukari, asishike wembe. Akatiwe na msaidizi. Bega likiuma, kazi isimame.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ilionesha kuwa sanaa huchangia afya na matunzo ya wagonjwa. Hata hivyo, kadi si mbadala wa dawa za shinikizo la damu wala wa mazoezi ya viungo. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Nyuma ya kila kadi iandikwe tarehe, na zote zipelekwe kliniki. Zikipangwa kwa mfuatano, mtaalamu ataona kingo zinavyonyooka na vipande vinavyozidi kuwa vidogo. Naye mgonjwa ataiona hatua aliyopiga.